Fundi Hupanda Kwanza

Injini iliyotaka kuniua sasa inasaga unga. Iko Saboti, ndani ya kibanda cha mabati, na kila nikipeleka mahindi pale nasimama nje ya mlango, hata kama mvua inanyesha. Vijana wanaosaga hunicheka. "Mwalimu, si uingie tu, mashine haiumi mtu." Siingii ng'o. Nangoja nje nikisikiliza mngurumo wake, na ukikatika hata kidogo, kama vile mkanda unapoteleza, narudi nyuma hatua mbili. Vijana hao hawajui kwamba mashine yao iliwahi kuruka angani, na kwamba siku iliyoruka, mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake.

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Nilizaliwa Bungoma karibu na reli, na treni ilikuwa ikipita kila siku, lakini kila siku niliingia chini ya kitanda. Mama yangu alisema Mungu aliponinyima moyo alinionea huruma, akaniongezea ulimi. Ndivyo nilivyo. Naogopa, halafu nafoka. Wanaonicheka huwa nawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, waendelee tu kucheka.

Sasa mtu wa namna hii si angeolewa na karani wa posta, au mwalimu mwenzake? Wapi! Niliolewa na fundi wa magari.

Na si ufundi wenyewe uliokuwa ukinitisha. Ni ile desturi yao. Huku kwetu mwenye gari haamini maneno ya fundi. Anaamini makalio ya fundi yakiwa kitini. Ukitengeneza breki za lori, mwenye lori hakuulizi kama zimeshika. Anakufungulia mlango na kusema, "Panda, tuteremke pamoja." Fundi hupanda kwanza. Akikataa, au hata akijikuna tu kichwa, habari zinafika sokoni kabla hajanawa mikono, na hapati kazi tena. Mume wangu hakukataa hata siku moja. Tulipokuwa bado Bungoma, mwanzoni mwa ndoa yetu, aliteremka mlima wa Webuye ndani ya malori ya miwa ambayo mimi nisingeyapanda hata yakiwa yamezimwa. Siku hizo napika ugali, unapoa, nauangalia. Akirudi anaukuta umekauka, anasema, "Mama, umepikia nani jiwe?" Mimi nalia kwanza, kisha namtukana, kisha naenda kupika mwingine.

Miaka ya themanini ikielekea kwisha, nilipata uhamisho wa shule tukahamia Kitale. Yeye akafungua gereji ndogo nyuma ya nyumba tuliyopanga, akanunua na trakta kuukuu ya kulimia watu mashamba. Nikafikiri, heri trakta, haina mbio, mtu hafi kwa trakta. Nilikuwa sijajua habari ya dizeli.

Wakati huo mafuta yalikuwa yamepanda bei na wezi wa mafuta wakapanda nayo. Ukiacha dizeli ndani ya tangi usiku, asubuhi unakuta mpira wa kunyonyea mafuta umeachwa majanini na tangi kavu. Kwa hiyo kila mwenye trakta katika Trans-Nzoia nzima alikuwa na kazi moja ya jioni, kama vile kufungia kuku: anafungua koki iliyo chini, anamimina dizeli yote kwenye mitungi, anaiingiza chumbani anakolala. Trakta zetu zilikuwa zinalala njaa. Sisi tulikuwa tunalala na mafuta. Mitungi ilikaa chini ya kitanda changu, upande wangu, kwa sababu upande wake kulikuwa na betri. Nilikuwa siwashi koroboi humo. Navua nguo gizani, natafuta nguo ya kulala kwa kupapasa, na bado naota moto. Nikienda kanisani, kina mama walikuwa wakininusa na kuulizana nani amekuja na lori.

Asubuhi mafuta yanarudishwa, na hapo ndipo nilipojifunza kitu kimoja kuhusu dizeli ambacho nisingetaka kukijua. Ukikausha tangi, upepo unaingia kwenye mipira. Ukirudisha mafuta, upepo haujui adabu ya kutoka wenyewe. Unabaki umejificha. Injini inaweza kuwaka vizuri, ikanguruma, ukafurahi, ukaenda nayo mpaka kwenye kona, halafu ikakohoa mara mbili na kuzima kabisa. Basi fundi anashuka, anachukua spana, analegeza nati mbili, anapampu kwa kidole gumba. Yanatoka mapovu, pwu pwu pwu, kama mtoto anayecheua. Mapovu yakiisha, anakaza nati, injini inawaka. Kila asubuhi nilikuwa nikinywa chai nikimsikiliza mume wangu akitoa upepo. "Dizeli na upepo ni wake wenza," aliniambia. "Huwezi kuwaweka nyumba moja." Kwenye trakta haikuwa na neno. Unashuka, unafanya, unapanda.

Mzee alikuja gerejini siku ya soko. Namwita Mzee kwa sababu sote tulimwita hivyo, Saboti nzima. Alikuwa mwembamba kama fito, na sweta yake ilikuwa imeisha viwiko. Zamani alikuwa dereva wa trakta wa mzungu mmoja mwenye shamba, na yule mzungu alikuwa na ndege ndogo ya viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Kwa kukaa naye miaka mingi, Mzee akafundishwa kuirusha. Mzungu alipoondoka, Mzee akakopa, akanunua sehemu ya shamba, na ndege akaikuta bandani, kama mtu anunuavyo nyumba akakuta na paka. Basi akawa anairusha. Alikuwa akienda nayo Bungoma kwa shemeji zake, anatua kwenye uwanja wa mpira, na watu wanaacha maiti matangani kwenda kumtazama.

"Fundi," akasema, "ndege yangu imekufa njaa."

Kumbe ndege haili petroli ya kawaida. Ina petroli yake, na ilikuwa inatoka Nairobi kwa mapipa, na pipa moja lilikuwa limefika bei ambayo Mzee alisema afadhali anyweshe ng'ombe maziwa ya ng'ombe mwingine. Akajaribu ujanja wa kuchanganya na petroli ya mjini. Injini ikagonga gonga siku mbili tatu, ikapasuka ikiwa chini, asante Mungu. Sasa alikuwa amesikia mahali kwamba huko ng'ambo kuna watu wanatia injini za dizeli kwenye ndege ndogo. Dizeli ni rahisi, inakwenda mbali kwa mafuta kidogo, na yeye anayo tayari, ya trakta.

"Wewe unajua dizeli," akamwambia mume wangu. "Mimi najua kuruka. Iko shida gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Nilimtazama mume wangu usoni nikaona macho yamewaka. Jamani, nilijua hapo hapo. Chai ilimwagika.

"Na kibali?" nikauliza. "Serikali imesema nini?"

"Mwalimu," Mzee akanijibu kwa upole, "shamba ni yangu, ndege ni yangu. Sasa juu huko ni kwa nani?"

Injini waliipata Bungoma, kwenye gari dogo la dizeli lililopinduka barabara ya mpakani. Mume wangu aliileta Saboti kwa mkokoteni wa ng'ombe, akaishika muda wote wa safari kama mgonjwa. Msimu mzima wa mahindi, tangu kupalilia mpaka kuvuna, alikuwa akienda huko kila Jumamosi. Alichonga vyuma vya kuishikilia, akafunga mikanda minene ya kuzungusha propela, akahamisha tangi. Nilikuwa naenda naye wakati mwingine kumpelekea chakula, nikae naye tu, kwa sababu nikibaki nyumbani nilikuwa naona vibaya zaidi. Siku waliyoiwasha mara ya kwanza waliifunga ndege kwa minyororo kwenye mti wa msonobari. Ilinguruma mpaka mabati ya banda yakacheza. Kuku wote wakapotelea kwenye mahindi. Mzee alipiga makofi kama mtoto, na mume wangu akaja kwangu, uso wote mafuta, akaniambia, "Si unaona, mama? Inavuta kushinda ile ya zamani."

"Naona," nikasema. "Na nani atapanda kwanza?"

Akaanza kujipangusa mikono. Huwa anajipangusa mikono asipotaka kujibu.

Tuligombana kuhusu jambo hilo mwezi mzima. Nikamwambia lori likikataa breki kuna ukingo, kuna shamba la mtu, kuna hata mti. Huko juu utashika nini, wingu? Akasema mimi natafuta mikosi. Nikasema mikosi ndiyo inatutafuta, imefika mpaka gerejini ikapewa chai. Nikamlilia. Nikamnunia. Nikamkumbusha watoto wawili, waliokuwa Bungoma kwa mama yangu likizo hiyo, nikamuuliza nani atawalipia shule kwa kazi yangu ya ualimu. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema lile neno lao: "Nikikataa kupanda, nimesema mwenyewe kwamba kazi yangu ni mbovu. Nitatengenezea nani tena?"

Mungu si Athumani. Jioni moja akaniambia, katika mazungumzo tu, kwamba injini ya dizeli ni nzito kuliko ile ya petroli, na kwa hiyo kiti cha nyuma hakiwezi kubeba kitu kinachozidi gunia la mahindi. Alishamwambia Mzee hivyo. Nikamwangalia mume wangu. Hakuwa mtu mwembamba. Tumbo lilikuwa limeshaanza kumtangulia mlangoni.

Kesho yake nikanunua mafuta ya kupikia, kopo kubwa.

Nilimpikia mtu huyo, wewe! Chapati asubuhi, chapati jioni. Ugali mlima, na kuku juu yake. Uji wa maziwa na siagi. Ndizi za kukaanga. Akisema ameshiba namwambia anafanya kazi ngumu, aongeze. Alifurahi, maskini. Aliwaambia wenzake kwamba mke wake sasa amekubali habari ya ndege, ndiyo maana amani imerudi nyumbani na sufuria zinanukia. Mimi nilikuwa namtia uzito kilo kwa kilo nikimwomba Mungu ayabariki mafuta yale. Kila usiku nalala nikimsikiliza akikoroma, mkono wangu juu ya tumbo lake, nalipima.

Siku yenyewe ilikuwa Desemba, mahindi yameshavunwa na mabua yamesimamishwa mafungu mafungu mashambani. Jumapili baada ya kanisa. Watu walikuwa wamejaa kwa Mzee, wengine wamevaa suti, kina mama na vitenge vya ibada. Mume wangu alikuwa ameshinda Jumamosi yote hapo, ametoa upepo mpaka tone la mwisho, amekaza kila nati, na kabla ya kuondoka alimwambia Mzee, mimi nikisikia, asiguse kitu mpaka kesho. Mzee akasema, "Niguse nini? Mimi naenda kulala."

Mume wangu akaanza kuelekea kwenye ndege. Nikaenda mbele yake, nikasema kwa sauti ya darasani ili kila mtu asikie, "Lakini Mzee, si tulisema mzigo wa nyuma usizidi gunia? Fundi hajapimwa."

Kicheko! Wakaileta mizani ya mahindi kutoka stoo, wakaiweka kwenye nyasi. Upande huu gunia, upande huu mume wangu. Alipanda, na gunia likainuka juu kama bata. Watu walilia machozi. "Fundi," Mzee akasema, "unakulanga nini nyumbani?" Mume wangu aliniangalia mimi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa habari ya chapati. Nikatazama kando. Moyoni nilikuwa naimba.

Hapo ningekuwa nimenyamaza na kumshukuru Mungu. Na nilinyamaza. Ni Mzee aliyeendelea kufikiri. Alizunguka mizani, akashika kidevu, akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, na mimi wakati ule nilikuwa mwembamba, upepo ungenibeba.

"Basi mtu wa nyumba yake," akasema. "Mke wa fundi si ni fundi tu?"

"Ndiyo!" watu wakasema. "Kweli! Apande Mwalimu!"

Nilingoja mume wangu aseme kitu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hata leo nikiikumbuka nahisi baridi. Wote walikuwa wakimwangalia. Alikuwa ameshika spana yake ndogo ile ya nati mbili, na kitambaa kichafu, anapangusa. Angesema tu hapana, mke wangu asipande. Neno moja. Lakini angekuwa amesema injini yake haiaminiki, mbele ya Saboti yote, na mimi nilijua, na alijua kwamba najua. Alipangusa ile spana mpaka ikang'aa. Mwisho akasema, si kwangu, ni kwa nyasi, "Injini iko sawa."

Hasira ilinipanda toka tumboni, hasira moto, na ndiyo iliyonibeba. Nikamwambia, "Haya. Kama nikifa utaoa mwingine, lakini chapati hajui." Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikavipanga vizuri kwenye nyasi kama mtu anayeingia msikitini, nikapanda.

Kiti kilikuwa cha turubai. Mzee alikuwa mbele yangu, na nilichokiona ni kisogo chake na shingo ya sweta. Humo ndani kulinuka dizeli, harufu ile ile ya chumba changu. Injini ikawaka. Tukaanza kukimbia kwenye nyasi, tukirushwa rushwa, meno yangu yanagongana, nikashika sweta ya Mzee kwa mikono miwili na kufumba macho. Halafu kurushwa kukaisha. Kukawa laini. Hapo ndipo nilipopiga kelele, kwa sababu nilijua maana ya ule ulaini.

Nilifumbua jicho moja. Mlima Elgon ulikuwa umesimama pale pale, mkubwa, haunijali. Chini niliona paa la kanisa, na watu wadogo wenye vichwa bila miguu. Nikafumba tena. Niliomba sala zote ninazozijua, nilipoishiwa nikasoma jedwali la kuzidisha kwa sauti, kwa sababu mdomo ulikataa kukaa bure. Mzee alikuwa anaimba wimbo wa ibada.

Tukageuka kurudi. Nikaanza kufikiri, labda. Labda nitamwona tena binti yangu, nitamsuka nywele kabla shule hazijafunguliwa, maana mama yangu macho hayaoni tena mistari.

Injini ikakohoa.

Niliijua sauti hiyo. Nimeinywea chai miaka. Ilikohoa mara moja, ikashika, ikakohoa tena.

"Upepo!" nikapiga kelele. "Mzee, ni upepo umeingia!"

"Upepo gani?" akajibu bila kugeuka. "Fundi alitoa wote jana!" Niliona shingo yake ikikaza ndani ya sweta. "Woi," akasema. "Woi, mama. Jana jioni nilitoa mafuta."

"Ulitoa?"

"Si natoanga kila siku! Nikarudisha asubuhi. Ya trakta nilitoa, na ya ndege pia nikatoa. Mkono ulienda tu."

Nilimwita majina ambayo mwalimu wa shule ya msingi hapaswi kuyajua. Ikakohoa mara ya tatu, ikazima. Propela ikazunguka kidogo, uvivu uvivu, ikasimama wima mbele yetu kama kidole kinachosema subiri.

Kukawa kimya. Sijawahi kuogopa kelele kama nilivyoogopa ukimya ule. Upepo tu ukipita kwenye nyaya, na kutoka chini, wazi kabisa, mbwa akibweka, na mtu akipasua kuni. Nati mbili. Zilikuwa hapo mbele, hatua chache kutoka kwenye miguu yangu, na kama ingekuwa trakta Mzee angeshuka, angelegeza, angepampu, na mimi ningekuwa namlaumu kwa kunichelewesha. Sasa angeshuka wapi? Nilianza kulia kwa sauti. Nikasema, "Sitaki kufa, Mzee, sitaki, sitaki."

"Nyamaza nione," akasema. Alisogeza kile chuma cha kuongozea, ndege ikainamisha kichwa, na akaanza kusema nayo taratibu, vile watu wanavyosema na ng'ombe wa kulima wakati jembe limekwama. "Pole pole, mama. Pole pole. Hivyo hivyo." Sikujua kama anaiambia ndege au mimi. Uwanja wa nyasi ulikuwa mbali, hata mimi niliona hatufiki. Mbele yetu kulikuwa na shamba la jirani, limejaa mafungu ya mabua. Yalikuwa yanakuja. Yanakua. Nikaona bua moja moja. Nikamshika Mzee kiunoni kama mtoto anayebebwa baiskeli.

Tuligonga fungu la kwanza, likatapakaa. La pili. La tatu likang'oa gurudumu. Tukalala ubavu, tukazunguka, mkono wangu ukalia kama fito kavu, kisha kukawa na vumbi na majani makavu yakinyesha juu yetu polepole.

"Mwalimu?" Mzee akasema.

"Niko."

"Asante Yesu."

Dizeli ilikuwa inadondoka mahali, to, to, to. Miaka yote ile chini ya kitanda changu nilikuwa nimeota moto, na sasa nikatoka pale kama paka, kwa mkono mmoja, nikamvuta Mzee kwa ile sweta yake, na sweta ikachanika. Tukakaa kwenye mabua mbali kidogo. Alikuwa amepasuka mdomo. Alikuwa anarudia tu, "Mkono ulienda tu. Mkono ulienda tu." Nilikuwa nahesabu vidole vyangu vya miguu, niliona vyote viko, vyeupe kwa vumbi.

Kisha nikamwona mume wangu.

Alikuwa anakuja akikimbia katikati ya mafungu ya mabua, mbele ya watu wote, na yule mtu alikuwa hajakimbia tangu tuoane. Tumbo lilikuwa linaruka. Gambuti moja lilikuwa limebaki njiani. Shati limefunguka, uso umejaa machozi na kamasi, mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka. Alifika akaanguka magotini mbele yangu, akataka kunishika na hakujua anishike wapi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekaa vibaya na mkono wake wa kulia ulikuwa na kitu.

Nilikuwa nimemwandalia maneno. Kule juu, katikati ya sala na kulia, sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa inaandaa maneno ya kumwambia kwa sababu ya ule ukimya wake pale kwenye mizani. Nikafungua mdomo. Nikaona anachoshika. Ilikuwa ile spana.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

Akaiangalia kama hakujua kwamba anayo. "Nilisikia imekata," akasema, akitafuta pumzi. "Nikajua ni upepo. Nikakimbia. Mlikuwa mnapita juu, na mimi nakimbia chini yenu." Akainua ile spana kuelekea angani, pale tulipokuwa tumepita. "Nati mbili tu, mama. Zilikuwa nati mbili tu."

Hakuiachilia. Walipotupakia kwenye pikapu kwenda hospitali Kitale alikaa nyuma pamoja nami akiwa nayo, na ilibidi muuguzi amwombe aiweke mezani ndipo aweze kunishika mkono ule mzima wakati wanaunyoosha mwingine.